UZI: Riwaya za vijana zilianzaje, na ni nani hasa aliyezisukuma hadi zikafika hapa?

Kurasa Njano (mleta mada)

Wadau, salaam.

Naanza na mti wa mwaloni. Mwaka 1881 jarida moja la watoto la Roma lilikuwa likichapa kisa cha kikaragosi cha mbao, kipande baada ya kipande. Mwandishi, Carlo Collodi, alipofika sura ya 15 alimtia kikaragosi kitanzi shingoni, akamtundika mwalonini, akamwacha akimwita baba yake mpaka akakakamaa. Kwake yeye kisa kilikuwa kimekwisha.

Wasomaji wakakataa. Barua zikamiminika ofisini kwa jarida, mhariri akambana mwandishi, na Februari 1882 Pinocchio akateremshwa mtini. Sasa fikirini: nchi ya starehe na masikio ya punda, tumbo la samaki, kugeuka mtoto wa kweli, hata pua kurefuka kwa sababu ya uongo, vyote hivyo vimekuja baada ya zile barua. Wasingeandika, tusingekuwa navyo.

Nimeifuatilia historia ya riwaya za vijana kwa miaka mingi, na kila nikizunguka narudi kwenye mti ule. Wakubwa ndio walioandika, wakachapa, wakanunua. Lakini kila palipopigwa hatua kubwa, ukichimba unakuta mkono wa msomaji mdogo. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nimeileta hapa mnipinge au mniongezee.

Turudi nyuma. Kabla vijana hawajaandikiwa, walijitwalia vya wakubwa. Robinson Crusoe ilitoka 1719, ikiwa imekusudiwa watu wazima. Ina mahubiri na hesabu za mali kurasa kwa kurasa. Vijana wakayaruka mahubiri, wakabaki na kisiwa, mbuzi, na ule unyayo mmoja mchangani. Mwaka 1762 mwanafalsafa Rousseau akasema kitabu cha kwanza cha mwanafunzi wake wa kufikirika, Émile, kiwe hicho, na kwa muda mrefu kiwe hicho peke yake. Mwaka 1779 Mjerumani Joachim Heinrich Campe akakiandika upya mahususi kwa vijana. Yaani wasomaji walikwishakichukua kitabu miaka mingi kabla wakubwa hawajatambua kwamba si chao tena.

Huko London, mwaka 1744, John Newbery aliuza kijitabu cha mfukoni pamoja na mpira kwa mvulana au kifuko cha kuchomekea pini kwa msichana. Michezo na mashairi, bado si riwaya. Riwaya ilikuja 1749: The Governess ya Sarah Fielding, wasichana tisa katika shule ndogo ya bweni. Naomba nikae hapa kidogo. Mwalimu anawapa kapu la tufaha wagawane, kisha anaitwa pembeni. Jenny, mkubwa wao, ana miaka 14. Anagawa sawasawa, linabaki tufaha moja kubwa kuliko mengine, na kila mmoja analitaka. Jenny anaona hakuna njia, analirusha juu ya ua likaangukia bustani ya jirani, ambako hakuna awezaye kulifuata. Basi hapo ndipo vita vinapoanza! Wanararuana kofia, wanavutana nywele, tena kwa ajili ya tufaha ambalo halipo tena.

Kitabu kizima kimejaa mafundisho, sikatai. Lakini yule mwanamke alikuwa anawajua wasichana. Hasira ile haikuokotwa kwenye hotuba.

Jabali la Hoja

Mkuu, uzi mzuri ila unachanganya. Pinocchio ni ya watoto. Tufaha za wasichana wadogo, za watoto. Kichwa cha mada kinasema vijana. Kijana ni huyu aliyeacha utoto na bado hajapewa utu uzima, na mtu wa namna hiyo hakuandikiwa chochote mpaka karne ya 20. Kwa karne nyingi, ukifika miaka 13 au 14 unaingia kazini, mchana kutwa shambani au kiwandani. Nani atakuandikia riwaya, na utaisoma saa ngapi?

Kurasa Njano

Jabali, hoja yako ya kazi ina uzito, nitairudia. Ila kuhusu umri, wapo waliouona mapema. Kati ya 1802 na 1806 Mwingereza Sarah Trimmer alikuwa na jarida lake la kuhakiki vitabu, The Guardian of Education. Aligawa wasomaji mafungu mawili: watoto mpaka miaka 14, na vijana kuanzia 14 mpaka 21. Kwa hiyo rafu tunayoiita leo ya vijana ilikwisha kuchorewa mipaka zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Tatizo ni kwamba Trimmer aliichora ili ailinde. Alihofia sana hadithi za majini na mazimwi, akaona hata Cinderella inafundisha wivu na mapambo. Tangu siku hiyo kila mhakiki wa vitabu vya vijana ana kiti chake mlangoni: huyu apite, huyu arudi. Simdharau, alikuwa mama aliyewapenda watoto kwa dhati. Lakini hakuwauliza.

Binti Wino

Naomba nami niseme, maana mada hii imenigusa pabaya na pazuri.

Mtu akiniuliza riwaya ya vijana ilisimama lini kwa miguu yake, namjibu 1868. Thomas Niles, mhariri wa kampuni ya Roberts Brothers huko Boston, alimwomba Louisa May Alcott aandike kitabu cha wasichana. Alcott hakutaka. Hakuwapenda wasichana kiasi hicho, aliandika hivyo kwenye shajara yake, na hakuwajua wengi zaidi ya dada zake. Akaandika kwa sababu nyumbani pesa ilihitajika. Alipopeleka sura za mwanzo, yeye na Niles wote wakaona zimepooza.

Halafu ndipo inakuja hoja ya mleta mada. Niles akampa mswada mpwa wake wa kike ausome. Binti akaupenda, akacheka mpaka machozi. Basi Niles akawapa na wasichana wengine, nao wakasema hivyo hivyo. Kitabu, Little Women, kikachapwa. Nakala 2,000 za mwanzo zikaisha upesi, na mwaka uliofuata ikabidi itoke sehemu ya pili.

Wasomaji wakaanza kumwandikia: Jo, yule mhusika mkuu, ataolewa na nani? Walimtaka Laurie, kijana wa nyumba ya jirani. Alcott, ambaye hakuolewa maisha yake yote na angependa Jo abaki mwandishi asiye na mume, alikereka. Hakumwoza kwa Laurie. Akamletea profesa wa Kijerumani, mtu mzima, mwavuli mkononi, suluhu ambayo watu wanaigombania mpaka leo.

Nilikuwa na miaka 13 niliposoma hicho kitabu, na mtu mzima mmoja niliyemheshimu sana alinipokonya akisema nasoma mambo ya ndoa kabla ya wakati wangu. Hakukifungua hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nimefika pale Beth, mdogo wake Jo, anapougua. Nilikaa karibu mwaka mzima sijui kama alipona, nikamwandikia mwisho wangu mwenyewe nyuma ya daftari la hesabu: anapona, anajifunza kinanda, anasafiri. Nilipokipata tena kitabu na kujua ukweli nililia mara mbili, mara moja kwa Beth na mara moja kwa lile daftari.

Kurasa Njano

Dada, pole. Na ahsante. Daftari lile ni barua ya Roma ambayo haikutumwa.

Umenikumbusha kitu: miaka hiyo ndipo ukuta ulipojengwa kati ya vitabu vya wavulana na vya wasichana. Upande mmoja bahari, upande wa pili sebule. Ufaransa kulikuwa na mwandishi Jules Verne, ambaye mchapishaji wake Hetzel alitoa jarida mahususi la elimu na burudani kuanzia 1864. Uskochi, mwaka 1881, mwandishi Stevenson alikwama ndani kwa sababu ya mvua pamoja na mwana wa mkewe, kijana wa miaka 13. Wakachora ramani ya kisiwa, na kwenye ramani ile ikaota Treasure Island. Yule kijana hakutaka mwanamke kwenye hadithi, na kweli, ukimtoa mama yake Jim, mhusika mkuu, hutamwona mwingine wa maana. Msomaji mmoja, agizo moja, na riwaya za wavulana zikaifuata njia hiyo miaka mingi.

Kwa hiyo nakiri: mkono wa msomaji mdogo haukuleta mema peke yake.

Jabali la Hoja

Sasa tunakutana njiani, lakini bado mnaisahau pesa. Tuje Marekani. Edward Stratemeyer aliigeuza riwaya ya vijana kuwa kiwanda. Yeye anabuni mfululizo na kuandika muhtasari wa kila kitabu, mwandishi wa kukodiwa anajaza kurasa, jina la jaladani ni la mtu asiyekuwapo duniani. Vitabu vya upelelezi vya Hardy Boys vikaanza 1927, vya Nancy Drew 1930. Carolyn Keene, jina la jaladani mwa Nancy, hakuwahi kuwapo. Vitabu vingi vya mwanzo vya Nancy viliandikwa na Mildred Wirt, mwandishi wa habari, kwa dola 125 kila kimoja, bila mrabaha, na kwa masharti kwamba asijitangaze. Hapo msomaji alisukuma nini? Alisukumiwa.

Mkutubi wa Zamu

Jabali, niruhusu niingie, maana hapa ni kwenye kazi yangu.

Wakutubi wa zama zile waliichukia mifululizo ya Stratemeyer, tangu kabla ya Nancy. Mwaka 1914 mkutubi mkuu wa skauti wa Marekani, Franklin Mathiews, aliandika makala akidai vitabu hivyo vya bei rahisi vinalipua ubongo wa mvulana. Maktaba nyingi zikavikataa kabisa. Na bado vilienea, kwa sababu watoto walivipitisha mkono kwa mkono, chini ya madawati na chini ya mito. Kiwanda kilivitengeneza, sawa, lakini hakuna mtu mzima aliyewashauri wasichana kumpenda Nancy. Walimpenda kwa kuwa ana miaka 16, anaendesha gari lake mwenyewe, na polisi wanamsikiliza anapozungumza. Wasichana wangapi wa 1930 walisikilizwa?

Nasema hivi nikiwa naona aibu kwa niaba ya wenzangu wa zamani. Kuna hamu nzima ya kusoma tuliyoifungia nje kwa sababu karatasi yake ilikuwa duni.

Lakini kazi hii ina upande mwingine. Margaret Edwards wa maktaba ya umma ya Baltimore, kwenye miaka ya 1940, alikodi gari la farasi, akalijaza vitabu na kuzunguka nalo mitaani kuwatafuta vijana ambao maktaba haikuwahi kuwaona. Hakungoja waje. Aliwalazimisha wakutubi wake wasome mamia ya vitabu kabla ya kumshauri kijana hata kimoja, maana alijua kijana anakunusa mara moja ukimsifia kitu ambacho hukukisoma.

Na yuko Jella Lepman, Myahudi wa Kijerumani aliyeikimbia nchi yake akakaa London. Mwaka 1945 alirudi Ujerumani iliyokuwa magofu, akiwa mshauri wa jeshi la Marekani kuhusu wanawake na vijana. Watu walihitaji mkate. Yeye akaziandikia nchi ambazo jana zilikuwa vitani na Ujerumani akiziomba vitabu vya watoto wao. Vikaja. Mwaka 1946 vikawekwa kwenye maonyesho Munich, katika jengo ambalo Wanazi walilijenga kuonyesha sanaa yao, na 1949 vikawa Maktaba ya Kimataifa ya Vijana, ambayo ipo mpaka leo. Mwaka 1953 akaanzisha na jumuiya ya kimataifa ya vitabu vya vijana, ile inayotoa tuzo ya Hans Christian Andersen tangu 1956.

Kila nikichoka na kazi namfikiria akiandika zile barua.

Msomi wa Dirishani

Mkutubi, umenifanya nisimame nitembee kidogo chumbani.

Naongeza kipande kinachomjibu Jabali kuhusu kazi. Kilichomwumba kijana msomaji ni shule. Marekani ya mwaka 1900, ni karibu kijana mmoja tu kati ya kumi wa umri wa miaka 14 hadi 17 aliyekuwa sekondari. Kufikia 1940 ni zaidi ya nusu. Ghafla una mamilioni ya watu wa rika moja wamekaa pamoja kutwa nzima, wakitazamana wao badala ya kuwatazama wakubwa. Wana lugha yao, hofu zao, mapenzi yao. Mwaka 1942 Maureen Daly akatoa Seventeenth Summer, mapenzi ya kwanza ya msichana kiangazi kimoja. Alikuwa bado mwanafunzi wa chuo alipoimaliza.

Na tusidhani hayo ni ya Marekani peke yake. Japani, kuanzia 1916, Yoshiya Nobuko alikuwa akichapa hadithi zake za maua katika majarida ya wasichana, habari za urafiki mkali wa wanafunzi wa bweni, na wasomaji wake walikuwa wakimwandikia kama ndugu. Nigeria, Cyprian Ekwensi aliwaandikia vijana The Drummer Boy mwaka 1960, na 1977 wachapishaji Macmillan wakaanzisha mfululizo wa Pacesetters, vitabu vyembamba vya mapenzi na ujambazi vilivyosomwa na wanafunzi wa Afrika nzima mpaka majalada yakatoka.

Kurasa Njano

Msomi, umenifungulia mlango wa 1967.

Msichana wa Tulsa, Oklahoma, mwanafunzi wa sekondari, alikasirika kwa sababu rafiki yake alipigwa njiani bila kosa zaidi ya kuwa wa kundi la maskini. Akaanza kuandika akiwa na miaka 15. Akatafuta maktabani riwaya inayofanana na maisha ya shuleni kwake, hakuona. Aliona farasi na dansi za shule. Mwaka ule ule aliokuwa akiandika, somo la uandishi alipata D. The Outsiders ilitoka yeye akiwa na miaka 18, na mchapishaji akaweka jaladani S. E. Hinton, herufi tu, ili wahakiki wasiikwepe kwa kujua kwamba hadithi ya magenge ya wavulana imeandikwa na msichana.

Safari hii msomaji hakutuma barua kwa mwandishi. Alikaa kwenye kiti akaandika mwenyewe. Pale tunapoona Ponyboy, mhusika wake mkuu, anasoma riwaya ndani ya kanisa bovu wakati polisi wanamtafuta, hakuna mtu mzima anayemshauri asome. Anasoma kwa sababu rafiki yake anakufa kidogo kidogo kwa hofu na hawana kingine.

Haikuishia hapo. Mwaka 1980 wanafunzi wa shule moja ya eneo la Fresno, California, pamoja na mkutubi wao, walimwandikia mwongozaji filamu Francis Ford Coppola wakimtaka aigeuze iwe filamu. Zaidi ya wanafunzi 100 walitia saini. Filamu ikatoka 1983, na mwishoni ina maneno ya kuwashukuru.

Baada ya Hinton milango ilifunguka. Paul Zindel 1968. Judy Blume 1970 na hedhi, kisha 1975 na mapenzi ya kweli ya miili, jambo lililomfanya awe miongoni mwa waandishi waliopigwa marufuku zaidi maktabani. Virginia Hamilton 1975, Mweusi wa kwanza kupewa medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Na 1974, Robert Cormier. Mwanawe alikataa kuuza chokoleti za kuchangia shule, basi, hakikutokea kibaya chochote. Lakini baba akajiuliza: je, kingetokea? Ikaja The Chocolate War, ambamo kijana anayesema hapana anavunjwa, na hakuna anayemwokoa. Wachapishaji kadhaa wakamwambia abadili mwisho. Hakubadili.

Jabali la Hoja

Hapo nanyosha mikono. Ila niulize moja: siku hizi je? Harry Potter ilianza 1997 kwa nakala 500 tu za jalada gumu, na Julai 2000 New York Times wakalazimika kuwatengea watoto orodha yao ya mauzo. Ikaja Twilight 2005, The Hunger Games 2008, na sasa watu wazima ndio wananunua sehemu kubwa ya hivi vitabu. Huo mkono wa msomaji mdogo bado upo, au tumeushika sisi?

Kurasa Njano

Jabali, swali lako linaniuma kwa sababu naliona madukani. Vijana wa miaka 13 wananiambia wahusika wamekuwa wakubwa kuliko wao, wote wana miaka 18 na mambo ya watu wa miaka 25. Tumeingia kwenye chumba chao tukahamisha viti. Nafarijika kwamba wamekwenda kuandika kwingine: Wattpad, mtandao wa kuandika na kusoma hadithi, imekuwapo tangu 2006, na ukiingia usiku utakuta mtoto wa sekondari anapandisha sura, na wenzake mia wanamwambia asimwue fulani.

Binti Wino

Asimwue fulani! Mwaloni ule ule.

Mkutubi wa Zamu

Mleta mada umemtaja Cormier ukapita, na kuna jambo lake siwezi kuliacha.

Mwaka 1977 alitoa I Am the Cheese. Mhusika wake Adam, kijana anayewindwa, ana rafiki anayeitwa Amy, na kitabuni anampigia simu. Cormier aliandika namba kamili. Ilikuwa namba ya simu ya nyumbani kwake mwenyewe.

Vijana wakaanza kupiga. Mmoja mmoja, kutoka miji mbalimbali, mwaka baada ya mwaka, wakiwa na kitabu mkononi na mioyo ikienda mbio, wakiuliza kama Amy yupo. Mzee hakubadili namba. Alikuwa akipokea, na akiwa ndiye aliyeshika simu, alikaa akazungumza nao.